Shajara ya "Makonyo": filamu ya uhalifu kwa pesa za harusi

3 Juni

Nimefungua daftari jipya leo. La zamani limejaa hesabu za harusi na sitaki kuchanganya. Mkononi kuna Sh 3,600,000. Milioni mbili ni zangu, nilizojiwekea kabla ya mfungo, na zilizobaki ni michango ya ndugu ambao wote wanaamini wataonekana kwenye filamu. Sijawaambia kitu.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Kule ndani mwanamme haingii na kamera, kwa hiyo mwanamke anayejua kuishika hakosi cha kufanya. Vifaa vyote vya filamu vimetoka huko: kamera moja, lenzi mbili, taa mbili za LED, na tripodi ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Begi zima linanuka udi. Ijumaa mpaka Jumapili ni za watu wanaooana, kwa hiyo sisi tutapiga Jumatatu mpaka Alkhamisi.

Filamu inaitwa Makonyo. Ukishachuma karafuu unazichambua, na vile vikonyo vinavyobaki ndiyo makonyo. Yana mafuta na yana bei yake, lakini si bei ya karafuu. Karani wa ghala anagundua kwamba ndani ya magunia yaliyoandikwa karafuu kuna makonyo. Siku ya tatu anaokotwa pwani. Zaidi ya hapo sisemi.

Skripti imeshapelekwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni la Zanzibar. Barua za masheha ninazo tatu, kila shehia na yake.

9 Juni

Kuna mzee mtaani kwetu Kikwajuni, polisi mstaafu, jioni hukaa kibarazani na redio yake. Nilimpa skripti wiki iliyopita. Leo kanirejeshea. Kaandika kwa kalamu nyekundu mpaka pembeni, kama mwalimu wa skuli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu mpelelezi wako mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, babu."

"Huyu si wa hapa. Huyu nimemuona kwenye televisheni." Akanyamaza kidogo. "Tena nimemuona mara nyingi. Sisi televisheni ya rangi tunayo tangu 1974, Bara wamengoja mpaka miaka ya tisini. Huyu bwana namjua zamani. Anavaa miwani usiku."

Kurasa kumi na moja kazikata. Mpelelezi aliyepiga teke mlango wa mtu: kafutwa. Ataingiaje nyumba ya watu bila kumtaka sheha awepo, na bila kubisha hodi kwa mama wa nyumba? Taa moja inayoning'inia juu ya mtuhumiwa: kafutwa. "Hiyo taa inamsaidia nani? Anayeandika maelezo anataka kuona karatasi." Maiti iliyolazwa siku nne ikingoja daktari wa kigeni: hapo kapiga mistari miwili. "Siku nne! Huyu karani hana mama? Hana ami? Maiti ikipatikana asubuhi, kabla ya Alasiri ukoo mzima uko mlangoni unaiulizia. Kama unataka ugomvi, ugomvi uko hapo, mwanangu, si kwenye bastola."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Halafu usiku nikaisoma tena na nikaona kwamba kila alichokikata nilikiokota kwenye sinema za watu, na nilichokiandika kwa kumkumbuka mtu ninayemjua hakukigusa hata neno.

16 Juni

Bastola. Nilikuwa bado sijakubali kuiacha, naandika ili nisijisifu baadaye. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme na ndiye mtu wetu wa taa, kapata Darajani bastola ya plastiki, zile za watoto wa Sikukuu. Tukaipaka rangi nyeusi, tukaisugua na majivu. Kwa mbali ilipendeza mno.

Ilipendeza kupita kiasi. Tulikuwa tunaijaribu kwenye uchochoro nyuma ya nyumba, bila kamera, jirani kachungulia dirishani, na baada ya nusu saa askari wawili wamefika kwa pikipiki. Waliongea nasi kwa adabu, barua wakaisoma yote, lakini barua inataja kamera na taa, haitaji bastola. Mdogo wangu akaivunja kwa mguu mbele yao.

Sasa muuaji anatumia jiwe la mizani, lile la chuma la kilo tano. Jiwe hilo hilo ndilo analowapunjia wakulima. Sijui kwa nini sikulifikiria mwanzo, mtu wa ghala ana nini kingine karibu na mkono wake?

Tunayo mawe mawili. La kweli tumeazima kwa muuza samli na litaonekana kwa karibu tu. La pili Binti wa Wete kalichonga kwa sponji ya godoro bovu, akalipaka polishi ya viatu, akalisugua na unga wa penseli. Binti wa Wete ndiye anayeshika vifaa na muendelezo. Anaandika kila kitu: kifungo gani kimefungwa, kikombe kimejaa kiasi gani. Kwa filamu hii yeye ni muhimu kuliko mie.

24 Juni

Damu. Tumechemsha Vimto na sukari mpaka ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha kakao ili isimetemete kama jamu. Kwenye kamera damu khasa. Tumemlaza shemeji yangu, ambaye ndiye karani, sakafuni mwa ghala, tumemmwagia sikioni na kwenye kola ya shati. Tukapiga shoti ya kwanza. Ya pili, Kaka Sauti kavua hedifoni, kasema, "Maiti inacheka."

Hakuwa anacheka. Sisimizi walikuwa wametoka kwenye ufa wa sakafu, msitari mmoja mrefu, wamefuata sukari mpaka ndani ya sikio. Shemeji alijitahidi, nampa haki yake, alistahamili kama dakika nzima. Halafu akaruka.

Damu ya pili tumeipika kwa wanga wa muhogo, rangi na chumvi, bila sukari. Babu mstaafu kaja kutazama, kaitia kidole. "Nzuri. Lakini yako imebaki nyekundu. Damu ikishakaa saa mbili inageuka kama chai ya rangi iliyomwagika." Tukazidisha kakao.

Gharama za leo: Vimto 7,500 (iliyobaki tumeinywa), muhogo 2,000, shati la shemeji halitoki madoa.

1 Julai

Tukio la kukimbizana, Mji Mkongwe. Kila mtu anayekuja Zanzibar na kamera anataka kukimbiza mtu kwenye vichochoro, na mie pia. Nyumba ndefu, njia nyembamba, kivuli hapa, jua pale. Pahala hapo pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hata ukitupa kamera chini inatoa picha nzuri.

Tatizo ni kwamba Mji Mkongwe una mabaraza, na mabaraza yana watu. Mtuhumiwa kakimbia, kakata kona, kajificha nyuma ya mlango kama tulivyopanga. Mpelelezi kafika anahema, kasimama njia panda, anatazama kushoto na kulia. Wazee wanne walikuwa kwenye bao. Tulikuwa tumewaomba wajifanye hawatuoni. Mmoja, bila kuinua macho kwenye kete, akanyoosha mkono: "Kaingia hapo, mlango wa buluu."

Tumerudia. Mara ya pili: "Yuko pale pale, yakhe." Mara ya tatu mwengine kaingilia, "Mwacheni mtoto wa watu, kafanya nini?" Mara ya nne mama kafungua dirisha la juu kuuliza nani kaibiwa.

Nilikaa chini kwenye ngazi nikacheka mpaka nikalia. Hiyo ndiyo hali halisi ya kukimbizana hapa, hakuna mtu anayepotea. Tumeichukua ya kwanza, na mkono wa yule mzee umo. Mtuhumiwa anakamatwa na baraza, mpelelezi anahema tu.

8 Julai

Pwani ya Kizingo, karani anaokotwa. Tumefika alfajiri, bahari inaanza kupwa. Saa nne asubuhi maji yamekwenda mbali kabisa, ngarawa zimelala ubavu, mchanga umejaa mawimbi madogo madogo kama bati. Mvuvi anamuona karani kutoka mbali, anatembea, anatembea, na huo mwendo wake ndio woga wenyewe. Hatukuhitaji muziki. Kusi imevuma kwenye maiki siku nzima, Kaka Sauti kaifunga soksi ya sufi na bado inalia.

Jua likawa kali, kivuli kimekwisha, tumeacha shoti sita za karibu tutazirudia wiki ijayo.

15 Julai

Shoti sita zimemalizwa. Nimechoka.

17 Julai

Hazikumalizwa. Nimeziweka kwenye laptopu pamoja na zile za tarehe 8. Mvuvi anatembea kwenye mchanga mkavu hatua mia moja, anafika kwa karani, anainama, na nyuma yake bahari iko hatua kumi. Anasimama tena, bahari imerudi upeoni. Dakika tatu, pwani mbili.

Nimempelekea yule mvuvi (ni mvuvi kweli, si muigizaji) simu aone. Hakuhitaji kuangalia mara mbili. "Ile ilikuwa bamvua, mwanangu. Hii maji mafu. Mwezi umefika nusu." Kwa wiki moja unatoka kwenye bamvua, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, unaingia kwenye maji mafu ambapo yanajisogeza tu. Tena kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini. Nimezaliwa kisiwani, nimeoga pwani hiyo tangu utotoni, na nimepanga ratiba ya pwani kwa kalenda ya harusi.

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Ngoja wiki mbili tangu ile ya mwanzo. Bamvua itarudi, na maji yatapwa saa ile ile, saa nne. Bahari haina haraka."

Nimehesabu. Inaangukia tarehe 23.

23 Julai

Kameramani wetu ni Mmakunduchi. Tarehe 23 Julai Mmakunduchi ukimtaka, mtafute Makunduchi. Mwaka Kogwa umewadia, mabua ya migomba yanapigwa, na hata ningemlipa mara tatu asingekuja. Nimeshika kamera mwenyewe na kuongoza huku nimelala kifudifudi kwenye mchanga mbichi. Buibui limeloa mpaka kiunoni. Mvuvi katembea, kainama, bahari iko mbali nyuma yake pale pale ilipokuwa. Binti wa Wete ana picha ya tarehe 8 kwenye simu, analinganisha ngarawa moja moja. Ngarawa moja haikuwepo siku ile. Tumemuomba mwenyewe, kaisogeza na wanawe wawili. Soda 3.

Kunguru ndio adui niliyebaki naye. Wazungu waliwaleta kutoka India miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, na tangu hapo hawajanyamaza.

5 Agosti

Leo nitaandika kwa urefu. Nina wasiwasi nisije nikaisahau ilivyokuwa.

Tukio la mahojiano. Chumba ni stoo ya ami yangu, tumeipaka chokaa nusu ukuta na rangi ya buluu nusu ya chini, meza moja, viti viwili, kalenda. Taa za LED tumezielekeza kwenye chandarua cheupe kilichotandazwa dirishani, mwanga unaingia laini kama wa jioni. Mdogo wangu kanunua umeme wa tukuza wa 20,000 usije ukatukatikia katikati.

Saa nzima ya kwanza imepotea kwa mistari. Ukutani, kwenye kioo cha kamera, kulikuwa na mistari ya kiza inapanda pole pole kama maji. Kwa macho huioni. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa rahisi zinapepesa mara 100 kila sekunde, na shata ya kamera nilikuwa nimeiacha kwenye 1/60 ya sekunde tangu harusi ya Jumapili. Nimeirudisha 1/50, picha 25 kwa sekunde, mistari imekufa. Kwenye harusi huwa haionekani maana taa za mapambo zote zinawaka na kuzima kwa makusudi.

Mpelelezi anachezwa na mwalimu wa historia wa skuli ya sekondari. Mtuhumiwa, yule mpima mizani, ni kijana anayeuza viatu Darajani, hajawahi kuigiza. Skripti yangu ilikuwa na ukurasa mmoja: swali, jibu, swali, jibu, mpelelezi anapiga meza, "Sema kweli!"

Tumeipiga hivyo mara tatu. Ilikuwa mbaya. Mwalimu akipiga meza, kikombe kinaruka, kijana anashtuka kama aliyetekenywa. Babu mstaafu alikuwa kakaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai ya tangawizi. Akasema, "Mpe kalamu aandike."

"Aandike nini, babu?"

"Maelezo. Unafikiri kazi ile ni kuuliza? Kazi ile ni kuandika."

Tukampa mwalimu karatasi za msitari na Bic ya buluu. Sikuandika mazungumzo mapya. Niliwaambia mwalimu aulize anachotaka kujua, na kijana ajibu kama mtu aliyefanya.

"Ulitoka ghalani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Mwalimu akainamia karatasi. Akawa anaandika huku midomo inafuata mkono, sauti ya chini, "Ni-li-to-ka... gha-la-ni..." Kalamu inakwaruza. Kijana hana la kufanya, ameshasema uongo wake na sasa anaangalia unavyoandikwa, herufi moja moja. Mwalimu kafika mwisho wa msitari, kainua kichwa. "Kamili, au na dakika?"

Hilo halikuwemo popote. Kijana akameza mate. Kaka Sauti kaninyooshea kidole hedifoni yake, kaisikia ile mate inashuka.

"Na... na robo."

"Na robo," mwalimu akarudia, akaandika.

Wakaenda hivyo. Nani alikuona? Ulipita njia ipi? Huyo muuza kahawa ulimpa salamu? Alijibuje? Kila jibu linangoja kalamu. Dakika ya tatu na kitu, adhana ya Isha ikaanza msikiti wa nyuma, halafu wa pili ukafuata baada ya pumzi mbili, halafu wa mbali, hazilingani, zinapandana. Kawaida nikisikia adhana nasema kata, maana huwezi kuiunga. Ukikata shoti katikati ya adhana kila mtu Zanzibar anajua umeruka maneno gani. Nilifungua mdomo. Mwalimu akaweka kalamu chini, akanyamaza. Kijana naye akanyamaza. Wakakaa wawili hao, meza katikati, kama watu wanavyokaa kila siku ikiadhiniwa. Na midomo ya kijana ikaanza kwenda, anamuitikia muadhini, kimya kimya, yeye muuaji. Hakuna aliyemwambia. Kazoea tu.

Sikusema kata.

Adhana ilipokwisha mwalimu kachukua kalamu, kasema, "Nakusomea, nikikosea niambie." Akamsomea maelezo yote tangu mwanzo. Uongo ule ule, lakini sasa kwa sauti ya mtu mwengine, hauna kuhema, hauna kumeza mate. Kijana akawa anatikisa kichwa kila baada ya sentensi. Mwisho dole gumba kwenye kidau cha wino, kwenye karatasi, halafu akajipangusa kwenye suruali. Alama ya buluu ikabaki juu ya goti.

Dakika kumi na moja na sekunde kumi na nne bila kukata. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imebakiwa na dakika mbili.

Babu kamaliza chai. "Hiyo suruali," akasema, "mkeo ataiuliza."

Nimeiandika. Mke wa mpima mizani ataiona alama wakati wa kufua. Hiyo ndiyo namna anavyojua. Kabla ya leo alikuwa anajua kwa barua ya siri iliyopitishwa chini ya mlango, Mungu anisamehe.

6 Agosti

Nimenakili faili zote kwenye diski mbili, moja kwangu moja kwa Kaka Sauti. Mwaka juzi nilipoteza harusi nzima ya watu. Sirudii.

19 Agosti

Msiba. Nilitaka karani aonekane kwenye sanda, uso wazi, na tusi la kubebea maiti linapita mabegani. Mama yake shemeji kapata habari, sijui kutoka kwa nani (najua kutoka kwa nani). Kanijia saa moja asubuhi.

"Mwanangu mie sikumzaa uje umvishe sanda yu hai. Uchuro huo."

"Mama, maigizo tu."

"Maigizo ya maiti? Kaigize na wa kwenu."

Hapo sina jibu, na tusi la msikitini nisingeliomba hata yeye angekubali. Basi hakuna sanda, hakuna tusi, hakuna uso. Tumeweka kamera chini kizingitini, karibu na sakafu, inatazama nje. Mwanzo kuna jozi mbili za ndara. Tukasimamisha, tukaongeza. Jozi nane. Ishirini. Makubadhi, viatu vya skuli, viatu vya kazi vyenye saruji. Ndani sauti za wanawake zinapanda. Nje, baina ya viatu na mlango wa uani, mpelelezi kasimama na karatasi yake, soksi moja imetoboka, anangoja ruhusa ya ami wa marehemu. Ami anatoka, anamwambia, "Afande, tunazika baada ya Alasiri." Mpelelezi anataka daktari aione maiti kwanza. Ami harudii. Anaangalia saa.

Jozi 41 tumeazima majumbani. Zimerudi 40. Makubadhi ya jirani, 18,000.

9 Septemba

Karafuu. Tulitaka Pemba, pesa imebaki 410,000. Boti ya watu wanane kwenda na kurudi hatuiwezi, kwa hiyo tumekwenda wawili tu, mie na Binti wa Wete, na kamera. Nilikuwa nimeshapiga shoti za shamba hapa Unguja, Kizimbani, nikamuonesha. Kanicheka usoni. "Pemba gani hii imelala kama sahani? Kwetu ukitoka nyumbani ama unapanda ama unashuka."

Siku mbili. Majamvi ya karafuu yameanikwa pembeni mwa lami, mbichi za kijani na nyekundu upande huu, zilizokauka rangi ya kahawa upande ule, na watoto wanazigeuza kwa miguu. Wanawake wanachambua, makonyo upande mmoja, na vidole vinakwenda bila macho. Jamvi moja nimelipiga dakika ishirini. Mama mwenye jamvi kaniuliza kama sijawahi kuona karafuu.

11 Septemba

Ghala, shoti za mwisho. Magunia thelathini: ishirini na tisa yamejazwa makumbi ya nazi, moja lina karafuu za kweli juu, na makumbi chini. Hatukuwa na uwezo wa zaidi. Wakati wa kuyarudisha usiku kwa keri, kile kigari cha mizigo, tumesimamishwa njiani, na haki yao, karafuu hazitembezwi ovyo. Mnunuzi wake kisheria ni shirika la serikali, ZSTC, na gunia lililoandikwa KARAFUU kwa rangi nyeusi saa nne za usiku lina maswali yake. Askari kafungua moja, katia mkono mpaka kwenye kiwiko, katoa kumbi.

"Nani kakuuzieni hizi?"

Binti wa Wete akajibu kabla sijafungua mdomo: "Tumejipunja wenyewe, afande."

2 Oktoba

Kuhariri. Filamu ni saa moja na dakika kumi na mbili. Mahojiano nimejaribu kuyafupisha mara nne, na kila nikikata pahala, adhana inaruka. Nimeyaacha yalivyo, dakika kumi na moja. Kaka Sauti anasema watu wataondoka ukumbini. Mdogo wangu anasema yeye aliyatazama yote amesimama. Nataka nipeleke ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Tamasha hilo lina umri wa tangu 1998 na mie niliwahi kulitazama Ngome Kongwe nimekaa kwenye jiwe, nikadhani filamu zinatengenezwa na watu wa mbali tu.

8 Oktoba

Sauti ya jiwe la mizani kuanguka. Siku ya kupiga tulitumia la sponji, likaanguka kimya kama mkate. Tunahitaji sauti. Tumejaribu tofali kwenye mchanga, nazi kwenye saruji, mchi kwenye kinu. Nazi inasikika kama nazi. Kaka Sauti kasema basi tutumie lenyewe, muuza samli hajalitaka bado. Jikoni kwa mama sakafu ina vigae na ukuta unarudisha sauti vizuri. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Tumefunga dirisha, tumezima friji, nimeliinua mpaka kifuani, nimeliachia.

Mara moja tu, na imetosha. Nzito, halafu kigae kinapasuka, halafu kipande kidogo kinaviringika mpaka chini ya kabati. Hicho kipande ndicho kilichonipa baridi, nimekiweka chote.

Kigae: 4,500. Nimekiandika kwenye gharama za sauti. Fundi anakuja kesho saa mbili, kabla mama hajahamisha mkeka.